Sayansi ya Polisi na Thamani ya Neno "Siye"

Tunapotaja polisi wa mji, picha inayotujia akilini kwanza ni ya askari aliyevaa sare, amesimama njia panda au anazunguka mitaani usiku akiwa na rungu mkononi. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Nyuma ya askari huyo wapo wengine ambao mwananchi huwaona kwa nadra: mtunza majalada ya alama za vidole, mkemia mwenye darubini, mpokea simu na redio za usiku, mpiga picha wa eneo la tukio, na askari anayefuatana na mbwa wa kunusa. Hao ndio watu wa vitengo vya usaidizi. Hawamkimbizi mwizi, wala majina yao hayatangazwi magazetini. Hata hivyo, bila wao askari wa mtaani angekuwa kama mtu anayepita msituni usiku bila taa.

Mwanafunzi akiulizwa vitengo hivyo vinailinda jamii kwa namna gani, huenda akajibu upesi kwamba vinasaidia kumkamata mhalifu. Jibu hilo ni sahihi, ila kwa maoni yangu halijafika kwenye kiini. Kumkamata mtu si kazi ngumu. Kumkamata mtu anayehusika ndiyo kazi. Kwa hiyo naona kwamba huduma kubwa kuliko zote inayotolewa na sayansi katika kazi ya polisi ni kuwazuia askari, hakimu na sisi wananchi tusimwadhibu asiyehusika. Kitengo kinachojua kusema "ndiye" tu, lakini hakiwezi au hakithubutu kusema "siye", hakiwi kinga ya jamii. Chaweza hata kuwa hatari kwake.

Macho ya shahidi

Tuanze na mji wa London mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1877 mtu mmoja aliyejiita John Smith alifungwa kwa kosa la kuwalaghai wanawake na kuwaibia vito. Miaka mingi baadaye ulaghai wa namna ile ile ulianza tena. Mwishoni mwa mwaka 1895 mwanamke mmoja alikutana barabarani na Adolf Beck, mzaliwa wa Norwei, akapiga kelele kwamba ndiye aliyemwibia. Wanawake wengine kadhaa walioitwa na polisi walimtazama Beck, nao wakasema ndiye. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miaka saba, akahesabiwa kuwa ndiye yule John Smith wa zamani.

Beck alilia kwamba hakuwa yeye, na kwamba mwaka 1877 alikuwa Amerika ya Kusini. Hakusikilizwa. Mwaka 1898 ilibainika kwamba maelezo ya mwili wa John Smith yaliyokuwamo katika kumbukumbu za gereza hayakulingana na mwili wa Beck. Hapo palikuwa na neno "siye" lililoandikwa na serikali yenyewe. Lakini kesi haikufunguliwa upya, na Beck akaendelea kutumikia kifungo. Alitoka mwaka 1901. Mwaka 1904 alikamatwa tena kwa mashtaka ya aina ile ile, akatiwa hatiani kwa mara ya pili. Alipokuwa akingoja adhabu, polisi walimkamata mlaghai wa kweli, Wilhelm Meyer, akiwa katika kazi yake ile ile. Beck alisamehewa, akalipwa fidia ya pauni 5,000. Fedheha hiyo ilichangia kuundwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai nchini Uingereza kwa sheria ya mwaka 1907.

Yatupasa kutambua kwamba mashahidi wale hawakuwa waongo. Walisema walichoamini kuwa wamekiona. Jicho la mwanadamu halipigi picha na kuihifadhi. Akili huijenga upya sura kila inapoikumbuka, na katika ujenzi huo huchanganya hofu, hasira na maneno yaliyosikika kwa wengine. Shahidi wa pili akijua kwamba wa kwanza amekwisha kusema "ndiye", ni vigumu kwake kuona vingine.

Vidole na hesabu

Wakati Beck alipokuwa gerezani, dawa ya sehemu ya ugonjwa huo ilikuwa ikitayarishwa mbali na London, katika mji wa Calcutta huko Bara Hindi. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mistari iliyo kwenye ncha za vidole hudumu tangu kuzaliwa hadi kufa. Tatizo lililobaki lilikuwa la majalada. Polisi wakiwa na kadi elfu themanini, wataipataje kadi moja bila kuzipekua zote?

Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliokuwa wakifanya kazi chini ya mkuu wa polisi wa Bengal, Edward Henry, walisaidia kutatua tatizo hilo kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata. Alama za vidole ni za aina kuu tatu: tao, kitanzi na duara. Kila kidole hupewa namba, kuanzia gumba la kulia, ambalo ni 1, hadi kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni 10. Vidole hupangwa katika jozi tano, na jozi hizo hupewa thamani ya 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye duara huchukua thamani ya jozi yake, na kisicho na duara huchukua sifuri. Thamani za vidole vya namba shufwa hujumlishwa na kuongezwa 1, zikawekwa juu ya mstari. Za vidole vya namba witiri hujumlishwa vivyo hivyo, zikawekwa chini yake.

Mathalani, mtu mwenye duara kwenye kidole cha shahada cha kulia (namba 2, thamani 16), kwenye gumba la kushoto (namba 6, thamani 4) na kwenye kidole cha pete cha kushoto (namba 9, thamani 1) atawekwa katika fungu la 21 juu ya 2. Juu kwaweza kuwa na namba 32, na chini 32. Kwa hiyo yako mafungu 1,024. Karani hakuhitaji tena kupekua ghala zima, bali alikwenda moja kwa moja kwenye rafu inayohusika.

Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na ya London mwaka 1901 chini ya Henry mwenyewe. Mwaka 1905 ndugu wawili walihukumiwa kwa mauaji yaliyofanyika katika duka la Deptford, kwa msaada wa alama ya gumba iliyoachwa kwenye sanduku la fedha. Ushindi huo ndio unaokumbukwa na wengi. Mimi nakumbuka zaidi kwamba gereza lililomfunga John Smith mwaka 1877 halikuchukua alama za vidole. Kama lingekuwa nazo, Beck angetolewa kwa kazi ya karani mmoja.

Kijana aliyekiri

Mfano wa pili watoka katika mkoa wa Leicester, Uingereza. Mwaka 1983 msichana wa miaka 15 aliuawa karibu na kijiji cha Narborough. Mwaka 1986 msichana mwingine wa umri huo huo aliuawa karibu na hapo, kwa namna inayofanana. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri kosa la pili, ila akakana la kwanza. Kwa desturi ya kazi jambo lilikuwa limekwisha: mtuhumiwa amekamatwa, amekiri, na wananchi wametulia.

Katika Chuo Kikuu cha Leicester alikuwapo mwanasayansi Alec Jeffreys, ambaye mwaka 1984 aligundua njia ya kulinganisha vinasaba vya watu, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai. Polisi walimpelekea sampuli, wakitumaini atathibitisha kwamba kijana yule ndiye aliyefanya mauaji yote mawili. Majibu yalikuwa mawili. Kwanza, mauaji yote yalifanywa na mtu mmoja. Pili, mtu huyo siye kijana aliyekiri.

Hivyo basi, uchunguzi wa vinasaba ulipoitwa kusaidia katika kesi ya mauaji kwa mara ya kwanza, ulianza kwa kumtoa mtu kifungoni. Mwaka 1987 polisi waliwaomba wanaume wa vijiji vya jirani watoe damu kwa hiari, na wapatao 5,000 walipimwa bila muuaji kuonekana. Alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Mwenzake alipolisema jambo hilo katika mazungumzo ya baa, msikilizaji mmoja aliwaarifu polisi, na Colin Pitchfork akakamatwa. Mwezi Januari 1988 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba neno "siye" halikumsaidia kijana peke yake. Kama maabara isingelisema, jalada lingefungwa, na muuaji angeendelea kutembea kati ya watu waliodhani wako salama. La pili ni kwamba maabara peke yake haikutosha. Mwananchi mmoja aliyekataa kunyamaza ndiye aliyekamilisha kazi.

Pua ya mbwa na matumaini ya bwana wake

Msomaji asidhani nasema kwamba sayansi haikosei. Hukosea, na ni wajibu wetu kujua inakosea vipi.

Mbwa wa polisi ana pua yenye uwezo mkubwa usio na ubishi. Lakini mbwa hafanyi kazi peke yake; humtazama bwana wake. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio lililofanywa California, Marekani, kwa askari 18 na mbwa wao waliozoezwa kugundua dawa za kulevya au baruti. Walipelekwa katika jengo la kanisa ambalo halikuwekwa dawa wala baruti yoyote. Askari waliambiwa kwamba vitu hivyo huenda vimefichwa, na kwamba karatasi nyekundu zilizobandikwa mahali fulani zinaonyesha palipo na harufu. Katika misako 144, ni 21 tu iliyokwisha bila askari kutoa taarifa kwamba mbwa wake amegundua kitu. Jumla ya taarifa za uongo ilifika 225, na nyingi zilitolewa pale penye karatasi nyekundu.

Mbwa hawezi kuijua maana ya karatasi nyekundu. Bwana wake ndiye aliyeijua. Pengine alikawia kidogo mahali pale, au alikaza kamba kidogo, na mbwa akamtii. Pengine macho yake mwenyewe yaliona ishara alizotaka kuziona. Vyovyote iwavyo, kilichogunduliwa ni tumaini la askari.

Ugonjwa huo huo humpata hata mtaalamu wa alama za vidole. Baada ya mabomu yaliyoua abiria wa treni mjini Madrid mwezi Machi 2004, wataalamu wa upelelezi wa Marekani walitangaza kwamba alama iliyopatikana kwenye mfuko wa viwashio ilikuwa ya mwanasheria mmoja wa jimbo la Oregon. Wataalamu kadhaa walikubaliana. Mwanasheria huyo alikaa kizuizini takriban wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha kwamba alama ilikuwa ya mtu mwingine, raia wa Aljeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi na kulipa fidia.

Mtafiti Itiel Dror na wenzake walilifuatilia jambo hilo katika jaribio la mwaka 2006. Waliwapa wataalamu watano jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka iliyopita, walikuwa wamesema zinalingana. Safari hii waliambiwa kwamba hizo ndizo alama zilizokosewa katika kesi ya Madrid. Watatu walisema hazilingani, mmoja akasema hawezi kuamua, na mmoja tu alishikilia jibu lake la zamani. Alama zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni habari iliyotangulia.

Tiba yake yajulikana, nayo si ya gharama kubwa. Mchunguzi asiambiwe mtuhumiwa amekiri au hakukiri. Aandike anachokiona katika alama ya eneo la tukio kabla hajaonyeshwa alama ya mtuhumiwa. Mchunguzi wa pili asijue jibu la wa kwanza. Askari wa mbwa azoezwe mara kwa mara katika vyumba visivyo na kitu, ili mbwa na bwana wake wote wajifunze kwamba "hakuna" nalo ni jibu jema.

Kwetu je?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya London na California, na kwamba sisi tuna matatizo mengine. Naamini yanatuhusu zaidi sisi. Katika miji ya Afrika Mashariki kelele ya "Mwizi!" ikisikika sokoni au kituo cha basi, mara nyingi mawe huokotwa kabla ya swali kuulizwa. Umati huo una shahidi mmoja, hauna kumbukumbu, hauna rufani, na hukumu yake ni moja. Adolf Beck alipoteza miaka yake, lakini aliishi kuliona jina lake likisafishwa. Kama angepigiwa kelele barabarani kwetu, huenda asingefika jioni. Mtaa hauna fidia ya kumlipa maiti.

Ni rahisi kuwalaumu wananchi kwa hasira yao. Lakini wengi huchukua sheria mkononi kwa sababu wamekata tamaa: wameona mtuhumiwa anarudi mtaani baada ya siku mbili, kesi imekwama kwa kukosa ushahidi, vielelezo vimeharibika au vimepotea. Kwa hiyo kitengo dhaifu cha usaidizi huidhuru jamii mara mbili. Mwenye hatia huachiwa, na asiye na hatia hukabidhiwa kwa umati.

Msingi tunao. Nchini Tanzania Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimo ndani ya Jeshi la Polisi, bali iko chini ya wizara ya afya; na mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu. Nchini Kenya, maabara ya kitaifa ya Idara ya Upelelezi wa Jinai ilifunguliwa Nairobi mwaka 2022. Majengo na mashine ni jambo jema. Hata hivyo mashine hujibu swali la sampuli iliyoletwa. Haijui ilikookotwa, nani aliishika, wala kama mfuko wake ulifunguliwa njiani. Kwa hiyo uaminifu wa maabara huanzia katika daftari la askari aliyefika kwanza kwenye tukio, akaandika saa, mahali na jina la kila aliyekipokea kielelezo baada yake.

Nami naongeza jambo moja ambalo naliona ni la lazima. Tusivipime vitengo hivi kwa idadi ya watu waliofungwa kwa ushahidi wao. Kipimo cha namna hiyo humfundisha mchunguzi kwamba "ndiye" ni kazi iliyofanikiwa, na "siye" ni kazi iliyoshindwa. Taarifa za mwaka zionyeshe pia ni watuhumiwa wangapi walioondolewa lawama na uchunguzi, na ni makosa mangapi yaliyogunduliwa na kusahihishwa. Wapo watakaohofu kwamba kukiri makosa kutawaondolea wananchi imani. Naona kinyume chake. Mizani ya sokoni huaminika kwa sababu hukaguliwa.

Sehemu ya shule

Walimu wa sayansi wanaweza kuanza bila maabara ya gharama. Mwanafunzi asugue penseli kwenye karatasi mpaka unga mweusi ukusanyike, abonyeze kidole juu yake, kisha akibandike kipande cha utepe angavu juu ya ncha ya kidole, akiondoe na kukibandika kwenye karatasi nyeupe. Darasa lihesabu matao, vitanzi na maduara, na kila mmoja atafute fungu lake kwa hesabu tuliyoieleza.

Kisha mwalimu afanye jaribio la pili, lenye mafunzo makubwa zaidi. Achague jozi kadhaa za alama zisizo wazi sana. Awaambie nusu ya wanafunzi kwamba "nadhani hizi ni za mtu mmoja", na nusu nyingine asiwaambie lolote. Wote wajibu kwa maandishi, bila kuulizana, na majibu ya makundi mawili yalinganishwe ubaoni. Yakitofautiana, wanafunzi watakuwa wameiona kwa macho yao nguvu ya neno lililotangulia. Yakifanana, nalo ni jibu; litafutiwe sababu.

Vijana hao kesho watakuwa askari, mahakimu, waandishi wa habari na wapita njia sokoni. Wengi hawatagusa darubini tena maishani mwao. Lakini siku watakapokuta uzi umefungwa kuzunguka eneo la tukio, watajua kwa nini hawapaswi kuukanyaga, na siku watakaposikia mtu akipigiwa kelele, huenda mmoja wao akasimama na kuuliza, "Mnajuaje kwamba ndiye?" Swali hilo moja, likiulizwa kwa sauti na kwa wakati wake, laweza kumwokoa mtu kabla kikosi chochote hakijafika.